Namna ya Kuwa Hazani Ukishavuka Miaka Hamsini

Katika sala za sikukuu kuu za Kiyahudi, Rosh Hashanah (mwaka mpya) na Yom Kippur (Siku ya Upatanisho), kuna mahali ambapo sinagogi nzima hunyamaza, na mtu mmoja huanza kuimba polepole: "Hineni", mimi hapa, maskini wa matendo. Ni hazani, mwimbishaji wa sala. Anajiombea mwenyewe kabla ya kuwaombea wenzake, na humo ndani anamsihi Mungu aipokee sala yake kana kwamba ni sala ya mzee aliyezoea, ambaye ujana wake ulikuwa mwema, ndevu zake zimekua, sauti yake ni tamu na anaelewana na watu. Wako mahazani wanaoyatamka maneno hayo wakiwa na miaka thelathini, ndevu hazijakaa sawa, na wengine ni wanawake wasio na ndevu kabisa. Wewe mwenye hamsini na tano, sehemu moja ya ombi hilo umekwisha kupewa bila kuomba.

Mwongozo huu ni wa mtu wa umri huo: mwalimu aliyestaafu, nesi aliyechoka na zamu za usiku, mhasibu aliyeimba kwaya miaka ishirini na sasa anataka kuifanya sala kuwa kazi yake. Nimeuelekeza zaidi Marekani. Zamani hazani alijifunza kwa kukaa miguuni pa hazani mwingine, na chimbuko la mahazani lilikuwa Ulaya, kuanzia Vilna na Warsaw hadi Odessa, Vienna na Berlin. Chimbuko hilo liliteketezwa katika Vita Kuu ya Pili. Gershon Sirota, mmoja wa mahazani waliosifika kuliko wote, alikufa mwaka 1943 katika geto la Warsaw. Vita vilipokwisha, Wayahudi wa Marekani waliona kwamba hakuna tena mahali pa kuagizia mahazani, wakafungua shule zao. Leo shule nyingi ziko huko, na ajira nyingi pia.

Elewa kwanza unatumwa nini

Jina la kale la kazi hii kwa Kiebrania ni shaliah tzibur, yaani mjumbe wa mkutano. Kwa Kiswahili ningemwita mshenga. Mshenga haendi kujiposea. Anabeba maneno ya ukoo, na ukoo humchagua kwa sababu unamjua: ana adabu, anajua lipi linasemwa lini, na hata akikaribishwa vibaya hapandwi na hasira. Ndiyo maana hatuwatumi vijana.

Mishna, mkusanyo wa sheria uliotimia kama mwaka 200 baada ya Kristo, inaeleza mji ufanyeje mvua inapogoma. Watu hufunga, kisha humsimamisha mbele ya Sanduku, kabati la magombo ya Torati, mzee mzoefu, mwenye watoto, ambaye nyumba yake ni tupu, "ili moyo wake uwe mzima katika sala". Ghala likiwa tupu, mtu haombi mvua kwa mdomo tu. Talmud, mijadala ya marabi juu ya Mishna, inaongeza sifa nyingine: awe mnyenyekevu, awe anakubalika kwa watu, ajue kuimba, sauti yake ipendeze, awe hodari wa Torati, Manabii, Maandiko na baraka zote. Angalia sauti imewekwa wapi. Imo, lakini imetangulizwa na mengine.

Yosef Karo, aliyeandika Shulhan Arukh, kitabu cha sheria za Kiyahudi, katika karne ya 16, ni mkali zaidi. Mwimbishaji anayerefusha sala kwa sababu moyo wake unafurahi kumshukuru Mungu, apate baraka. Anayerefusha ili watu waisikie sauti yake, hiyo ni aibu.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta shule, jiulize swali moja na ulijibu ukiwa peke yako. Kama kesho daktari atakwambia sauti yako itabaki nusu, bado utaitaka kazi hii? Ukijibu hapana, tafuta kwaya nzuri ya mji. Yossele Rosenblatt, ambaye sauti yake ilijaza kumbi za New York, mwaka 1918 alikataa kuimba opera huko Chicago, na pesa aliyoahidiwa ilikuwa kubwa. Hakukataa muziki, maana alipiga matamasha mengi. Alikataa kuvuliwa ujumbe wake.

Hatua ya kwanza: uwe ndani ya nyumba

Hazani ni lazima awe Myahudi, maana hawezi kuwatolea watu wajibu ambao yeye mwenyewe haumpasi. Kama si Myahudi na umevutwa na muziki huu, njia iko wazi lakini si njia ya kazi. Utasoma na rabi, mara nyingi mwaka au zaidi. Utasimama mbele ya baraza la watu watatu na kuzama katika mikve, birika la maji ya utakaso, na kwa mwanamume ipo tohara. Baraza likinusa kwamba umekuja kwa ajili ya ajira litakurudisha nyumbani, na litakuwa limefanya haki. Ingia kwa sababu unataka kuishi hivyo. Ishi kwanza. Mambo ya kuimbisha yatakuja yakija.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki hili si jambo la mbali sana. Nairobi ina sinagogi tangu enzi za ukoloni. Karibu na Mbale, Uganda, wako Abayudaya, jamii iliyoanza mwaka 1919 kwa uongozi wa Semei Kakungulu, na wanaimba Zaburi kwa Kiganda kwa tuni walizotunga wenyewe. Mmoja wao, Gershom Sizomu, alikwenda kusoma Los Angeles, akawekwa wakfu kuwa rabi mwaka 2008, kisha akarudi kwao. Alikuwa mtu mzima mwenye familia. Yeye ni rabi, si hazani, lakini safari ya kuacha kwenu, kukaa darasani na kurudi ni ileile.

Kama wewe ni mwanamke, chagua tawi mapema. Waorthodoksi, wanaoshika sheria ya kale kwa ukali, huwaajiri wanaume tu. Kwa Wareform, tawi la kimageuzi, mlango ulifunguliwa mwaka 1975, Barbara Ostfeld alipowekwa rasmi kuwa hazani. Kwa Wakonsavativu, walio katikati ya hao wawili, ilikuwa 1987. Katika matawi haya mawili leo hakuna atakayeshangaa kukuona.

Hatua ya pili: Kiebrania, dakika ishirini kila siku

Herufi ni 22, zinasomwa kutoka kulia. Aliyepita madrasa ana faida, mkono na jicho lake vimeshazoea kwenda upande huo. Na Mswahili yeyote atakutana na jamaa njiani, maana Kiarabu tulichokopa na Kiebrania ni ndugu: shalom na salamu, berakha na baraka, malakh na malaika, nefesh na nafsi, ruah na roho, kever na kaburi, sheva na saba, tesha na tisa, elef na elfu. Sauti ya "kh" inayowatesa Wamarekani, mtu wa pwani aliyezoea kusema "kheri" ataitoa bila shida.

Mtego wetu uko kwingine. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno. Kiebrania mara nyingi huuweka mwishoni, na ukiuhamisha unaweza kubadilisha maana. Katika Mwanzo 29 neno moja linatumika kwa Raheli mara mbili. Likikaziwa mwishoni ni "anakuja", likikaziwa mwanzoni ni "alikuja". Rashi, mfasiri mkuu wa karne ya 11, alisimama hapo kulieleza. Mtego wa pili ni maneno yanayoishia na konsonanti. Ulimi wetu hupenda kuyamalizia na vokali, na katika sala vokali hiyo ya ziada inasikika kama mlango usiofungika. Jirekodi kwa simu. Utajisikia.

Usingoje kuelewa kila neno ndipo uanze kusali. Lakini pia usiimbe usichokielewa kwa zaidi ya mwezi mmoja. Chukua sala moja kwa juma, ipate neno kwa neno, kisha uiimbe.

Hatua ya tatu: kusoma Torati kwa sauti yake

Anayejua tajwidi ataielewa hatua hii upesi kuliko mwimba opera. Juu na chini ya kila neno la Torati kuna alama ndogo, zilizokamilishwa na wanazuoni wa Tiberia zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Alama hizo zinakuambia mkazo uko wapi, sentensi inakatwa wapi na neno linaimbwa kwa mwendo gani. Tatizo ni kwamba gombo lenyewe, lile la ngozi linalotolewa katika Sanduku, halina alama hata moja. Halina hata vokali. Unasimama mbele ya watu, umeshika kijiti cha kuonyeshea, na unaloliona ni konsonanti tupu. Yaliyobaki yawe kichwani.

Kitabu cha mazoezi kinaitwa tikun. Ukurasa una safu mbili, moja yenye alama na moja kama ilivyo katika gombo. Soma safu ya kwanza mara kumi, hamia ya pili, kwama, rudi. Kwanza kabisa jifunze kuziimba alama kwa majina yake, merkha, tipha, munah, etnahta, mpaka ziwe kama kibwagizo unachokiimba ukiosha vyombo.

Mifumo ya tuni iko sita kwa desturi ya Waashkenazi, Wayahudi wa asili ya Ulaya ya kati na mashariki: Torati ya kawaida, Torati ya sikukuu kuu, masomo ya Manabii, kitabu cha Esta, Maombolezo, na mmoja wa Wimbo Ulio Bora, Ruthu na Mhubiri. Usiibebe yote kwa pamoja. Anza na Torati ya kawaida.

Mahali pazuri pa kujaribu ni asubuhi ya Jumatatu au Alhamisi. Siku hizo husomwa kipande kifupi tu, kwa watu watatu, na wanaohudhuria ni wachache, wengi wakiwa na haraka ya kwenda kazini. Pembeni yako atasimama gabai, msimamizi wa usomaji, na ukikosea neno kwa namna inayobadilisha maana atakurudisha, kwa sauti, mbele ya watu. Mtu wa miaka hamsini aliyezoea kuitwa mkurugenzi huwa anaumia hapo. Rudia neno, endelea.

Hatua ya nne: nusakhi, ambayo ndiyo kazi yenyewe

Watu hudhani hazani ni mtu wa nyimbo kubwa. Nyimbo ni mapambo. Mwili wa kazi ni nusakhi, yaani njia ya sauti ambamo kila sala hutembea kulingana na siku na saa. Neno lenyewe lina shina moja na "nuskha" tuliyoipata kutoka Kiarabu. Mtu mwenye sikio, akifungwa kitambaa machoni na kuingizwa sinagogini, anapaswa kujua ndani ya nusu dakika kama ni jioni ya Jumanne, asubuhi ya Sabato au sikukuu ya mwaka mpya, hata kama maneno yanayosaliwa ni yaleyale. Hazani anayeimba sala ya Sabato kwa njia ya siku ya kazi hajakosea noti. Amekosea siku.

Kwa Waashkenazi njia kuu ni tatu, na kila moja imepewa jina la sala: Adonai Malakh, yenye uchangamfu wa kifalme, Magen Avot, tulivu na yenye kivuli, na Ahava Rabba. Hii ya tatu Mswahili hahitaji kufundishwa ladha yake. Kati ya noti ya pili na ya tatu kuna ule mruko mpana unaosikika kama kifua kinachovutwa, na mpiga fidla wa taarabu angekwambia mara moja kwamba hiyo ni hijazi. Si sawasawa kabisa, kila mmoja ana namna yake ya kuingia na kutua, lakini mlango ni mmoja. Wayahudi waliotoka Aleppo huko Syria hawana hata haja ya jina jingine. Wao huipangia kila Sabato maqam yake, yaani njia yake ya sauti ya Kiarabu, kufuatana na somo la Torati, na Sabato ya kifo cha Sara husaliwa kwa hijazi. Kama masikio yako yamelelewa na kasida na taarabu, nenda ukawasikilize mahazani wa Kisefardi, wa asili ya Hispania na nchi za Kiarabu, kabla hujaamua kwamba Kiashkenazi ndiyo njia pekee. Kazi kwao ni chache zaidi, lakini moyo haupangiwi.

Njia ya kujifunza nusakhi haijabadilika: mpate mtu. Vitabu vya noti vipo, rekodi zipo tele, na vyote vitakufundisha tuni bila kukufundisha lini uiache. Nusakhi huimbwa kwa kujitungia papo hapo ndani ya mipaka, na mipaka hiyo huonekana kwa kukaa karibu na mtu anayeijua. Mwombe hazani wa sinagogi yako saa moja kwa juma. Mlipe. Akikataa malipo, mpelekee chakula na ukae naye Sabato mchana anapotayarisha ya wiki ijayo.

Ukiwa hujui pa kuanzia, anza na sala ya jioni ya siku ya kazi. Ni fupi na haina madoido. Ukiimaliza unaweza kutumika mara moja, na hilo linatuleta kwenye hatua ambayo mimi naiona muhimu kuliko shule.

Hatua ya tano: nyumba za msiba

Myahudi akifiwa hukaa nyumbani siku saba, na jioni majirani huja kusali naye ili awe na watu kumi wazima wanaohitajika kwa Kadishi, sala ya wafiwa. Nyumba hizo siku zote hukosa mtu wa kuimbisha. Rabi mmoja hawezi kuwa mahali patatu saa moja jioni. Jitolee.

Hapo hakuna jukwaa. (Jukwaa la sinagogi huitwa bima, na Mswahili atavumilia utani huo mpaka siku ya kustaafu.) Umesimama sebuleni, viti vya kuazima, kioo kimefunikwa shuka, mjane amekaa kwenye kiti kifupi. Ukiimba kwa madaha utaona aibu mwenyewe kabla ya mtu kukwambia. Utajifunza kushusha sauti ili mtoto wa marehemu, ambaye hajasoma Kiebrania tangu utoto, aweze kuifuata Kadishi bila kukimbizwa. Utajifunza kungoja. Mwaka mmoja wa nyumba za msiba utakuonyesha kama wewe ni mshenga au mwimbaji, na jamaa nao watakuwa wameona. Mkutano ukishaanza kukuomba kwa jina, ndipo barua ya kujiunga na shule ina maana.

Hatua ya sita: shule, au kutokwenda shule

Hebrew Union College ya Wareform ilifungua shule yake ya muziki mtakatifu New York mwaka 1948, na sasa inaitwa kwa jina la Debbie Friedman, mtunzi wa nyimbo za Kiyahudi. Jewish Theological Seminary ya Wakonsavativu ilifuata mwaka 1952. Zote mbili zinataka shahada ya kwanza, usaili wa sauti, nadharia ya muziki na Kiebrania cha kutosha, na kwa kawaida masomo ni ya miaka mitano, sehemu yake Israeli. Kwa Waorthodoksi ipo Belz School of Jewish Music ya Yeshiva University, kwa wanaume. Kwa mtu wa umri wako tazama pia Academy for Jewish Religion, iliyoanzishwa New York mwaka 1956 na isiyofungwa na tawi lolote, ambako wanafunzi waliokuja kutoka kazi nyingine ni jambo la kawaida; na mpango wa ALEPH, wa tawi la Jewish Renewal, ambao sehemu kubwa husomwa ukiwa kwako, na makambi ya kukutana kila baada ya muda. Mipango hubadilika, na miaka ya karibuni masomo ya mbali yameongezeka, kwa hiyo waandikie mwenyewe na uulize mwaka huu wanafanyaje.

Uliza haya bila haya. Wanafunzi wenu waliovuka hamsini ni wangapi, na wamepata kazi wapi? Naweza kusoma taratibu, miaka saba badala ya mitano? Mwaka wa Israeli unaweza kugawanywa kwa mtu mwenye mzazi mgonjwa nyumbani? Jumuiya ya mahazani ya tawi lenu itanipokea nikihitimu, na itanisaidia kutafuta ajira? Swali hili la mwisho wengi hulisahau, na ndilo linalotenganisha cheti na kazi, kwa sababu sinagogi nyingi kubwa huajiri kupitia jumuiya hizo.

Sasa neno langu mwenyewe. Kwa mtu wa arobaini na nane, nenda shule. Kwa mtu wa sitini na mbili mwenye afya ya wastani na akiba ndogo, mimi ningefikiri mara tatu. Zipo sinagogi ndogo nyingi zisizoweza kumlipa hazani kamili, ambazo humwajiri mwimbishaji asiye na shahada kwa Sabato mbili za mwezi na sikukuu kuu. Cheo ni kidogo na watu hawakuiti hazani rasmi, lakini sala ni ileile.

Hatua ya saba: koo la mtu mzima

Kuanzia miaka ya hamsini nyuzi za sauti hupoteza unyevu na unene, na pumzi hupungua. Sauti za wanawake huelekea kushuka baada ya kukoma hedhi, na za wanaume uzeeni huelekea kupanda na kuwa nyembamba. Mwone daktari wa koo mara moja kabla ya kuanza, apige picha ya nyuzi zako ili iwepo ya kulinganishia baadaye. Tibu kiungulia, maana asidi ya usiku huunguza koo bila wewe kuhisi. Pima na masikio, kwa sababu hazani asiyesikia mkutano hujikuta anaimba peke yake. Tafuta mwalimu wa sauti aliyezoea watu wazima, si yule atakayekulazimisha noti za juu.

Habari njema ni kwamba noti ya kuanzia unaichagua wewe. Ishushe. Mkutano ukiacha kuimba nawe, mara nyingi si kwamba hawaijui tuni, bali umepanda mno.

Mtihani ni Yom Kippur. Mfungo ni wa saa 25 bila chakula wala maji, na ndani yake kuna ibada tano, kuanzia Kol Nidre, ya kufungulia, machweo, mpaka Neila, ya kufungia, siku ya pili jua linapozama. Unaimbisha bila tone la maji kooni. Aliyefunga Ramadhani ana uzoefu, ila hapa hakuna daku katikati. Fanya hivi:

Punguza kahawa kidogokidogo kuanzia juma moja kabla, la sivyo saa nne asubuhi kichwa kitakupasuka. Kunywa maji siku mbili nzima kabla ya mfungo, usiyamimine yote saa ya mwisho. Mlo wa mwisho usiwe na chumvi nyingi. Baada ya Kol Nidre nenda nyumbani ukanyamaze, maongezi ya mlangoni yanachosha koo kuliko sala. Kol Nidre yenyewe kwa desturi husemwa mara tatu, ya kwanza kwa sauti ya chini kama mtu anayeogopa kuingia, kisha juu zaidi, kisha juu kabisa. Wapya hupenda kuanza na ile ya tatu. Asubuhi waachie wengine sala za mwanzo, na usione aibu, desturi inaruhusu waimbishaji kupokezana. Weka akiba kwa ajili ya Neila, maana saa hiyo watu hawana nguvu na wanakutegemea wewe. Katika sinagogi za kufuata desturi hakuna kipaza sauti siku hiyo, kwa hiyo simama ukutane na ukumbi mapema na ujue unarudisha sauti kutoka wapi.

Kama una kisukari, figo au dawa za kila siku, zungumza na daktari na rabi miezi kadhaa kabla. Sheria ya Kiyahudi inaweka uhai mbele ya mfungo, na hazani anayeanguka mbele ya Sanduku hajamfaa mtu.

Hatua ya nane: pesa

Usitumie kiinua mgongo chote kwa karo. Weka kando gharama za kuishi kwa miaka yote ya masomo na mmoja wa ziada wa kutafuta kazi, ndipo uone kilichobaki kinatosha nini. Omba ufadhili hata kama fomu inaonekana imeandikiwa vijana. Wakati wa masomo watu huishi kwa kufundisha watoto wanaojiandaa kwa bar mitzva na bat mitzva, sherehe za kuingia utu uzima wa dini, na kwa mikataba ya sikukuu kuu katika miji midogo.

Ukiajiriwa Marekani, hazani kwa kawaida huhesabiwa na idara ya kodi kama kiongozi wa dini. Hilo lina faida na maumivu. Faida ni posho ya nyumba isiyokatwa kodi ya mapato, lakini ni lazima sinagogi iitenge kwa maandishi kabla hujalipwa. Ikisahau, huwezi kuidai kwa kurudi nyuma. Maumivu ni kwamba kwa mchango wa hifadhi ya jamii unahesabiwa kama mtu aliyejiajiri, hivyo ile asilimia 15.3 unabeba mwenyewe, na posho ya nyumba inaingizwa katika hesabu hiyo. Mtafute mhasibu aliyezoea mapadre na marabi.

Katika mkataba dai yaandikwe: idadi ya Sabato za mapumziko, nani anaimbisha ukiugua, mazishi na harusi zinalipwa vipi, idadi ya wanafunzi kwa wiki, na bima ya afya. Sinagogi yenye upungufu wa fedha itakuomba pia uongoze shule ya watoto, upige gita na uhariri jarida. Kubali mawili.

Hatua ya tisa: usaili, halafu siku yenyewe

Kamati ya ajira itakualika Sabato moja. Wengine humleta mgeni wao na nyimbo ngumu kuliko zote wanazojua. Wewe piga simu wiki mbili kabla, uliza wanaimba tuni zipi kwa sala tano zinazopendwa, na uziimbe hizohizo. Mgeni huja na salamu za mwenyeji. Kuhusu umri kwa kawaida hawatakuuliza moja kwa moja, lakini watazunguka: "Unajiona wapi baada ya miaka kumi?" Jibu kwa ukweli, na uwaambie umesimama na familia ngapi mazishini. Ukiweza, fanya kabla ya hapo mafunzo ya kuhudumu hospitalini, kipindi kimoja kina saa 400, kwa sababu sehemu ya kazi hii hufanyika kando ya kitanda cha mgonjwa.

Ukishapata kazi, sikukuu kuu zitakukuta mapema kuliko ulivyodhani. Gombo livae kitambaa cheupe, nawe uvae kanzu nyeupe iitwayo kitel. Katika sinagogi nyingi Hineni huimbwa hazani akitembea kutoka nyuma ya ukumbi mpaka mbele ya Sanduku. Nenda siku ya kazi kukiwa kutupu, uhesabu hatua, ujue ni neno gani linakukuta kwenye ngazi, maana kanzu ni ndefu na macho yatakuwa kwenye kitabu. Fanya mazoezi kwa viatu utakavyovaa. Yom Kippur viatu vya ngozi haviruhusiwi, na raba za turubai huteleza kwenye zulia jipya.